Binti unayeingia chumba cha habari, usiishie kwenye sauti

Mabinti wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya kazi, kutoka KIMC, chuo cha serikali cha mawasiliano ya umma pale South B, Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vingine, nikiwauliza wanataka nini katika utangazaji, wengi jibu lao ni moja: kusoma habari. Siwalaumu. Wamekua wakiwatazama kina Kanze Dena na Lulu Hassan katika taarifa ya saa moja usiku, na hao ni watu wa kujivunia. Lakini mimi kazi hii nimeifanya zaidi nyuma ya kioo cha studio kuliko mbele ya kamera, na nimeona nani hudumu na nani husahaulika. Kwa hiyo ninawaambia mapema: usiridhike na kupewa sauti. Tafuta nafasi pale panapoamuliwa kipi kitangazwe, kiandikwe vipi na nani ahojiwe.

Waangalieni waliotutangulia. Grace Ogot anajulikana kwa hadithi zake, lakini katika miaka ya 1950, akiwa London, muuguzi huyu aliiandikia BBC skripti na kuitangazia katika matangazo yaliyolenga Afrika Mashariki. Aliandika na akatangaza, na hilo la kuandika ndilo lililompa jina lililodumu. Catherine Kasavuli aliingia Voice of Kenya, shirika la utangazaji la taifa ambalo sasa ni KBC, mwaka 1980 akiwa msichana mdogo, akaanzia redioni. Televisheni ya KTN ilipofunguliwa mwaka 1990, uso wake ukawa uso wa kituo hicho, na anakumbukwa kama mwanamke wa kwanza nchini kusoma habari za televisheni mubashara. Mwaka 2021 alirejea KBC, wengi wenu mkamwona hapo kwa mara ya kwanza, na Desemba 2022 saratani ikamchukua. Inaniuma kuwaona wanafunzi wa utangazaji wasiomjua.

Matangazo ya mubashara hayana pa kujificha. Teleprompta, ile skrini ya kusomea habari, inaweza kuzima, ripota wa nyanjani akapotea hewani, mgeni akakwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa. Anayebaki ametulia ni yule anayeijua habari, si yule aliyekariri maneno yake. Ndiyo maana ninawahimiza muandike wenyewe utangulizi wa taarifa mtakazosoma, hata kama kituo kina mtu wa kuandika. Mkabidhi mhariri, aukate, akurudishie, uandike tena.

Na mkiandika, mwandikie sikio. Hapa ndipo kazi ya Kiswahili inapoharibika kila siku katika vyumba vyetu vya habari, kwa sababu taarifa nyingi hutufikia kwa Kiingereza cha ofisi za serikali na sisi tunazigeuza zilivyo. Binti huniletea hivi: "Utekelezaji wa mradi wa uboreshaji wa miundombinu ya usambazaji wa maji umeanza." Namwambia aniambie kwa mdomo kilichotokea huko. Anasema: "Mafundi wameanza kutandaza mabomba ya maji." Basi hiyo ndiyo habari, iandike hivyo hivyo. Mama aliyesimama jikoni Kayole hawezi kuirudisha sentensi nyuma aisikie upya. Tarakimu nazo zipunguze. Mbili katika sentensi moja ni mzigo, tatu hazisikiki tena. Soma kwa sauti kabla ya kupeleka studio. Pumzi ikikukatikia katikati, sentensi ni ndefu.

Kiswahili cha Nairobi ni changamfu, ninakipenda na ninakisema. Lakini taarifa ya saa moja inasikilizwa pia Lamu, Wajir na Busia, na upatanisho wa ngeli ukienda kombo msikilizaji anaanza kushuku hata ukweli wa habari. Kama hukulelewa na lugha hii, kaa karibu na wenzako wa Pwani, waulize bila haya. Majina ya watu na vijiji vilevile: piga simu kwa mtu wa huko akutamkie. Simu hiyo ni ya dakika moja tu, na inaonyesha heshima kwa watu ambao mara nyingi hutajwa kwenye habari siku ya mafuriko pekee.

Katika mkutano wa asubuhi wa kupanga habari usiende kusikiliza tu. Beba pendekezo lililoiva: nani ameathirika, nani atahojiwa, picha itapatikana wapi. Catherine Gicheru alipanda kwa kuchimba habari. Akiwa gazeti la Nation alipata tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari mwaka 1992, enzi ambazo kuiuliza serikali maswali kulikuwa hatari, na baadaye akawa mhariri mwanzilishi wa gazeti la The Star. Ninyi mna silaha ambayo enzi hizo haikuwepo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Itumieni. Ninasikitika kuona waandishi vijana wakisubiri taarifa za WhatsApp kutoka kwa maafisa wa mawasiliano ilhali sheria iko upande wao.

Mkihitaji mtaalamu wa uchumi, wa sheria au wa kilimo, msikimbilie wanaume wale wale watano ambao namba zao ziko ukutani. Wanawake wenye ujuzi huo wapo; wanahitaji kupigiwa simu mapema kidogo, si dakika kumi kabla ya kwenda hewani.

Kuhusu usalama wenu nitasema wazi. Kabla ya kukubali zamu ya usiku, uliza gari la ofisi linakushusha mlangoni au linakuacha kituoni. Bosi akikuahidi nafasi kwa masharti ya chumbani, hayo si mapenzi na si desturi ya kazi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Omba kuiona wiki ya kwanza. Weka jumbe zote, andika tarehe. Chama cha wanahabari wanawake, AMWIK, kipo tangu 1983. Jiunge mapema, usingoje matatizo.

Mwisho, jifunzeni hesabu za kituo. Rose Kimotho alianzisha Kameme FM mwaka 2000, kituo cha kwanza cha kibinafsi kutangaza kwa Kikuyu, kisha akaanzisha televisheni ya K24. Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla wanasoma habari, na wakati huohuo wana kampuni yao, Jiffy Pictures, inayotengeneza tamthilia za Kiswahili. Kwa hiyo katika kipindi chako cha mafunzo, omba ruhusa ukae siku kadhaa na watu wa mauzo. Uliza tangazo la sekunde 30 linauzwa bei gani saa moja usiku na bei gani saa tano asubuhi, na nani huamua. Ukitoka hapo uliza leseni ya masafa inaombwaje kwa Mamlaka ya Mawasiliano.