Vidonge vya "mitishamba" na moyo unaodunda usiku

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 38, ni fundi cherehani hapa Nkuhungu. Nina kilo 94, nina presha na natumia dawa kila siku. Mteja wangu mmoja aliniuzia kopo la vidonge vya kupunguza mwili, limeandikwa mitishamba mitupu. Tangu siku ya pili sisikii njaa. Ugali wa mtama na mlenda naviangalia tu. Ila mdomo unakauka, usingizi umekata, na moyo unadunda hata nikiwa nimekaa tu kwenye cherehani. Nimeshapungua kilo 4. Niendelee? Na ile sindano inayokata njaa, ni salama?
Mshonaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usimeze kingine, hata cha leo jioni. Dawa ya presha usiiache.

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka mingi. Njaa ikipotea ghafla namna hiyo, halafu mdomo ukauke na moyo uende mbio, nashuku sibutramini. Hiyo ni dawa ya kiwandani, iliuzwa kihalali kwa jina la Reductil. Inamfanya mtu ashibe mapema, lakini inapandisha presha na mapigo ya moyo. Ilifuatiliwa kwa watu karibu 10,000, wengi wenye maradhi ya moyo au kisukari. Kati ya walioimeza, waliopata shambulio la moyo, kiharusi au kufa kwa moyo walikuwa asilimia 11.4; kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 10. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Tangu hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya chai na vidonge vinavyoitwa vya asili. Unga wake huwezi kuutambua kwa macho, wala mimi siwezi. Ni kazi ya maabara.

Na si hiyo peke yake. Kuna dawa nyingine za kupunguza mwili: fenfluramini iliondolewa mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo, lokaserini mwaka 2020 kwa hofu ya saratani. Zote mbili zilikuwa zimepitishwa na wataalamu, zina karatasi zake. Kopo lako halina hata jina la mtengenezaji, mwanangu, na wewe una presha tayari. Hilo linanitia hofu sana.

Ile sindano ya kukata njaa, ya semaglutidi, ni habari nyingine. Katika utafiti wa watu 1,961 uliotolewa 2021, walioitumia kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Inaleta kichefuchefu na kutapika, wengine hupata mawe kwenye nyongo, na ukiacha uzito mwingi hurudi. Haifai kwa mjamzito. Ni ya kuandikiwa na daktari anayekufuatilia, si ya kuletewa na mteja.

Kesho asubuhi nenda kituo cha afya ukapimwe presha na mapigo. Kifua kikibana, au mkono na uso vikilegea upande mmoja, usingoje asubuhi. Mwambie mhudumu ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa iende TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma. Kopo usilitupe. Nenda nalo, hata kama kimebaki kidonge kimoja.