Kuzuia baridi ndani ya vani ya kazi

Umeuliza iwapo pamba ya nyuzi za kioo inafaa kuzuia baridi ndani ya vani ya kazi. Mimi singeitumia, kwa sababu mvuke wa pumzi na wa nguo zilizolowa hupenya hadi kwenye bati na kugeuka matone, na pamba ikishalowa haizuii tena baridi, bali hulea kutu usiyoiona. Bandika povu gumu lisilofyonza maji moja kwa moja kwenye bati, bila mwanya nyuma yake, ukifunika pia mbavu za chuma, maana hapo ndipo joto hutorokea. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yaachwe wazi. Kabla ya yote hayo, tundika pazia zito nyuma ya viti, ili hita ipashe sehemu ndogo tu.