Maswali Yenu: Kumbe Hata Marekani Wanarithishana Viti?

Toleo lililopita tuligusa habari ya watoto wa wanasiasa kukalia viti vya baba zao na tangu siku hiyo simu ya ofisi haijapumzika. Wengi mmeuliza kama hii tabia ni yetu tu ama hata wale wa Marekani wanayo. Nimechukua maswali machache, wengine mtanisamehe, nafasi ni ndogo.

Omera, hapa stage ya Kondele tunabishana kila jioni. Kuna jamaa anaapa ati Marekani hakuna familia za kisiasa juu katiba yao ilikataza ufalme. Mimi nikamuuliza, na Bush baba na Bush mtoto je? Nani ako sawa?
*Muuza mitumba, Kondele, Kisumu*

Wewe ndio uko sawa, omera, lakini na yeye hajakosa kabisa. Katiba yao inakataza serikali kumpa mtu yeyote cheo cha kikabaila, kwa hivyo hakuna lodi wala mwanamfalme. Lakini hakuna mahali imesema mtoto wa rais asigombee, na hawakukawia: John Adams, rais wao wa pili, alitoka 1801, na kufika 1825 kijana wake John Quincy Adams alikuwa ashaapishwa. Alafu kuna William Henry Harrison aliyeingia 1841 akafariki baada ya mwezi mmoja tu, mjukuu wake Benjamin akaja kuwa rais 1889. Bush baba 1989 hadi 1993, Bush mtoto 2001 hadi 2009, na usisahau Prescott, baba yake Bush baba, alikuwa seneta wa Connecticut. Hiyo ni ukoo mzima.

Wanaonifurahisha mimi ni Roosevelt. Theodore na Franklin, wote marais, walikuwa ndugu wa mbali sana, tena vyama tofauti, mmoja Republican mwingine Democrat, lakini Franklin akaenda akaoa Eleanor, binti wa mdogo wake Theodore, na harusi ikafanyika 1905 Theodore akiwa rais na ndiye alimtoa bibi harusi. Eleanor hata hakubadilisha jina la ukoo, alizaliwa Roosevelt akaolewa Roosevelt. Hiyo mwambie huyo jamaa wako.

Mkuu, mimi nauliza tu hii kitu inafanyika aje. Ni pesa ama ni nini? Juu hata hapa Kakamega kuna watoto wa wakubwa wamegombea na wakaanguka vibaya.
*Bodaboda, Kakamega*

Mwana wefwe, hili ndilo swali lenyewe. Pesa iko, lakini pesa peke yake haitoshi. Kitu mtoto anarithi ni orodha: wale wanachanga, wale wanapanga mikutano, wale wakubwa wa chama mashinani ambao baba aliwasaidia na bado wanakumbuka. Mgombea wa kawaida anaanza kuitafuta hiyo orodha akiwa na miaka arobaini, huyu amekula nao chakula cha jioni tangu akiwa mtoto.

Angalia Massachusetts vizuri. Mwaka 1916 mzee anaitwa Henry Cabot Lodge alishindana kiti cha useneta na John Fitzgerald, aliyekuwa meya wa Boston, Lodge akashinda. Lodge walikuwa wale matajiri wa zamani wa Boston, Fitzgerald alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland, watu ambao wale wakubwa hawakutaka kuketi nao meza moja. Sasa Fitzgerald alikuwa na binti, binti akaolewa na Joseph Kennedy ambaye alitengeneza pesa kwa soko la hisa na sinema, wakazaa watoto tisa. Mwaka 1952 mjukuu wa Fitzgerald, ndiye John Kennedy, akashindana na mjukuu wa Lodge kiti kile kile cha useneta na akamwangusha. Haijaisha. Mwaka 1962 mdogo wake John, Ted, akakutana na George Lodge, mtoto wa huyo aliyeangushwa, akamshinda pia. Familia mbili, zaidi ya miaka arobaini, jimbo moja.

Na hapo 1962 kuna kitu inafaa uijue. John alipochaguliwa rais 1960 kiti chake cha seneti kikabaki wazi, na Ted alikuwa hajafika miaka 30 ambayo katiba inataka. Gavana akamteua Benjamin Smith, rafiki waliyekaa na John chumba kimoja chuoni Harvard, akashikilia kiti hadi Ted akafika umri, alafu Smith akakaa kando bila kelele. Kwa mchujo wa chama mpinzani wa Ted, Edward McCormack, alimwambia mbele ya watu kwamba bila jina la Kennedy ugombea wake ungekuwa mzaha tu. Alikuwa anasema ukweli, lakini huyo McCormack mwenyewe mjomba wake alikuwa Spika wa Bunge! Ted akashinda, akakaa seneti mpaka alipofariki 2009.

Wakati huo huo ndugu mwingine, Robert, alikuwa mwanasheria mkuu kwa serikali ya kaka yake. Watu walinung'unika sana na 1967 Bunge likapitisha sheria inayokataza afisa wa serikali kuajiri jamaa yake. Lakini 2017 Wizara ya Sheria ilisema hiyo sheria haiwagusi wafanyakazi wa Ikulu, ndio mkwe wa Trump, Jared Kushner, akapata ofisi pale. Sheria ni sheria hadi ifike kwa mlango wa mwenye nyumba.

Mheshimiwa akifariki huku kwetu mara nyingi mjane au mtoto anasukumwa kwa uchaguzi mdogo. Kwao ni hivyo?
*Mwalimu, Bungoma*

Ndio mwalimu, na zamani ilikuwa mojawapo ya njia wanawake wengi waliingia bungeni. Margaret Chase Smith wa Maine alichukua kiti cha mumewe 1940, watu wakadhani anapasha kiti joto tu, akaendelea hadi seneti akakaa huko 1949 mpaka 1973, mwanamke wa kwanza kutumikia mabunge yote mawili. Kuna pia Dingell wa Michigan: baba aliingia 1933, mtoto akachukua 1955 baba alipofariki na akakaa miaka 59, mwaka 2015 akampisha mkewe Debbie, na mama bado yuko. Huwezi sema hawafanyi kazi, lakini zaidi ya miaka tisini jina moja... mimi naona hapo wapiga kura wamezoea tu.

Je, kuna mahali wananchi walikataa hii mambo? Hapa Nakuru tumechoka kuletewa majina.
*Mama wa duka, Free Area, Nakuru*

Alaska, mama. Mwaka 2002 Frank Murkowski, aliyekuwa seneta, alichaguliwa gavana, na gavana ndiye alikuwa na nguvu ya kujaza kiti cha seneti kikiwa wazi. Akatafuta, akatafuta, akamteua... binti yake Lisa. Watu walikasirika wakakusanya sahihi na 2004 wakapiga kura kumnyang'anya gavana hiyo nguvu. Mzee mwenyewe 2006 alibwagwa kwa mchujo wa chama chake, akawa nambari tatu, mshindi akawa Sarah Palin.

Lakini binti hakwenda nyumbani. 2004 alishinda mwenyewe, 2010 akaanguka mchujo, akarudi kama mgombea ambaye jina lake halipo kwa karatasi, mpiga kura anaandika kwa mkono. Fikiria kuandika Murkowski kwa kibanda cha kura! Akashinda. Kwa hivyo mimi sisemi kila mtoto wa mkubwa ni bure, huyu aliteuliwa na baba alafu akaenda akatafuta kura zake.

Kitu kinawasaidia wao ni mchujo ambao wananchi wa kawaida wanapiga kura na matokeo yanahesabiwa, si ile tiketi ya moja kwa moja tunayoijua. Jeb Bush, mtoto wa rais na mdogo wa rais, watu wake walikusanya zaidi ya dola milioni 100 za kumpigia debe, na Februari 2016 akajiondoa bila kushinda jimbo hata moja. Liz Cheney wa Wyoming alikuwa na kiti kile kile baba yake alishika kabla ya kuwa makamu wa rais, akampinga Trump, 2022 wanachama wakamtoa. Hata Massachusetts, 2020, Kennedy kijana alishindwa mchujo wa seneti na mzee Ed Markey.

Na Obama? Yeye hakuwa na baba mwanasiasa, sivyo? Na watoto wake watagombea?
*Msomaji, Siaya*

Hakuwa na ukoo wa siasa Marekani, kweli, na 2008 alimshinda Hillary Clinton, mke wa rais, ndani ya chama. Lakini wewe wa Siaya unajua ile ingine. 2013 kaka yake Malik aligombea ugavana hapo kwenu, jina Obama likiwa linang'aa dunia nzima, na akaanguka, kwa sababu kule Siaya watu walikuwa na vyama vyao na watu wao na jina la Washington halikuwa na mtandao wa kijijini. Kuhusu mabinti, sijaona dalili yoyote, na mama yao amesema mara nyingi yeye mwenyewe hagombei. Wacheni kumuuliza.