RAM ya seva haitolewi ikiwa inawaka

Unauliza kama unaweza kuchomoa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya seva yako ikiwa inawaka, kama ulivyofanya kwa diski. Hapana ndugu, usijaribu. Ile diski uliyoichomoa kwenye seva ya Dell PowerEdge R740 bila kuzima seva imetengenezwa ichomolewe hivyo, RAM siyo. Zima seva vizuri kupitia mfumo wenyewe, kisha chomoa nyaya za umeme. Zote mbili! Pawa saplai ni mbili na watu husahau ya pili kila siku. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, ndipo ufungue mfuniko.

Toa kwanza lile plastiki linaloelekeza upepo wa feni. Chini yake kuna nafasi 24 za RAM, 12 kwa kila prosesa, kwa hiyo kama una prosesa moja tu, nafasi za B, yaani za prosesa ya pili, hazitasomeka hata uzijaze. Anza na zenye vibanio vyeupe, A1 ikitangulia, halafu vyeusi. Soma pia kibandiko: RDIMM na LRDIMM ni aina mbili tofauti za RAM, hazichanganywi. Mimi nilizichanganya wakati fulani kwa haraka zangu, nikakesha.

Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika RAM, na uishike kwenye kingo. Ikandamize mpaka vibanio vijifunge vyenyewe pande zote. Rudisha lile plastiki kabla ya kuwasha, la sivyo joto litapanda.

Ukiiwasha, skrini inaweza kukaa muda mrefu ikikagua RAM. Usiichomoe kwenye umeme, iache imalize.