Motion Rate 120 sio Hz 120

Mkuu umeuliza kama tivii iliyoandikwa Motion Rate 120 kwenye boksi ni ya Hz 120, yaani kioo kinabadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Hapana, mara nyingi paneli yenyewe ni ya Hz 60 tu halafu tivii inachakata picha ili mwendo uonekane laini. Yalinikuta, nilibeba inchi 55 Kariakoo nikijua nimelamba dume, kufika home nachomeka PS5 yangu ya kuchezea gemu naingia kwenye setingi za Screen and Video pale kwenye taarifa za video output, 4K ya Hz 120 haipo kabisa, mwisho 60. Boksi nalo lina 120 kubwa kama bango la duka.

Angalia namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, kaisome kwenye tovuti ya kampuni, unatafuta "native" 120Hz, yaani Hz 120 za paneli yenyewe. Na usidanganyike na HDMI 2.1 (toleo la tundu la waya wa picha na sauti) peke yake maana kuna tivii za Hz 60 zimeandikwa hivyo hivyo, na hata zile za kweli mara nyingi unakuta matundu mawili tu ndo yanapitisha 4K 120, na moja kati ya hayo laweza kuwa ndo la eARC, lile la kutoa sauti kwenda kwenye spika ya nje, saundiba ishalichukua.

Ila kama bado uko na PS4 usijisumbue, yenyewe haivuki Hz 60, chukua ya 60 uwashe Game Mode vitufe visichelewe, chenji ongezea inchi.