Nataka kuchoma sindano, si kupasua

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa nne wa udaktari hapa Dar es Salaam. Wiki iliyopita wodini tulikuwa na mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, njia za mkojo zimeziba, figo zinazidiwa. Alitobolewa mgongoni kwa sindano wakiangalia altrasaundi, akarudi na mpira na mfuko wa mkojo. Hakupasuliwa. Nataka kazi hiyo. Wenzangu wananiambia nisomee upasuaji kwanza. Wengine wanasema niende Marekani, kule unaingia moja kwa moja. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni tiba radiolojia, kutibu kwa sindano ukiongozwa na picha, na mlango wake ni radiolojia, fani ya kusoma picha za ndani ya mwili. Upasuaji uwaachie wenyewe. Udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1, ubingwa wa radiolojia miaka 3, kisha ubobezi miaka 2. Jumla 11, kama hukusimama njiani kutafuta ada, na wengi tunasimama.

Ubobezi wenyewe upo hapo Upanga. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ilianza kuufundisha 2019, mazoezi yakifanyika Muhimbili, na mwanzoni walimu walikuwa wakija kwa zamu kutoka Marekani: daktari, muuguzi na mtaalamu wa mionzi, wote pamoja. Enzi zetu aliyeutaka alifunga virago. Mimi sikufunga, nikabaki kusoma picha.

Hiyo Marekani ya moja kwa moja usidanganywe nayo. Baada ya mwaka wa utarajali kuna programu ya miaka 5, na mitatu ya mwanzo unasoma picha kama sisi. Haina njia ya mkato, kwa sababu sindano ni sehemu ndogo ya kazi. Usipojua figo iliyovimba inaonekanaje na utumbo umelalia wapi, utatoboa utumbo.

Mkono nao uanze sasa. Nunua kidari cha kuku, chomeka zabibu katikati, omba nusu saa ya mashine ya altrasaundi jioni kliniki ikishafungwa, uitafute kwa sindano. Ncha itakupotea mara ishirini. Ukishaizoea, jifunze mbinu ya Seldinger, yule Mswidi wa 1953: sindano inaingia, waya unapita ndani yake, sindano inatoka, mpira unafuata juu ya waya. Waya usiuachie hata mtu akikuita jina. Ukizama mwilini, utaitiwa hao hao wapasuaji.

Halafu rudi kwa yule mama. Mpira ule hubadilishwa kila baada ya miezi miwili mitatu, na ukichomoka kabla ya hapo mkojo unaziba tena na figo zinazidiwa. Muulize anaishi wapi, nani anamwaga mfuko usiku, na nauli ya kurudi ataitoa wapi.