Nyie wadogo zangu wa semina ya sanaa ya Marekani, hebu tukae kitako

Juzi nimekaa nyuma nasikiliza mnavyowasilisha, slaidi ya tatu tu mtu keshaweka ule mchoro wa Emanuel Leutze, Jenerali George Washington na askari wake wanavuka mto Delaware kwa boti kwenye vita vya uhuru wa Marekani, anasema "hapa tunaona jinsi walivyovuka". Nikacheka, halafu nikaumia, maana huyo ni mimi kabisa.

1. Soma kwanza kile kikaratasi cha ukutani pembeni ya picha: mwaka ilipochorwa, kipimo, mji.

2. Hapa ndo pana kidonda changu. Muhula wa kwanza niliandika pepa ya kurasa 12 kuhusu ile bendera ya Marekani ya nyota na mistari iliyo botini kwenye mchoro huo, anayoishika James Monroe, yule aliyekuja kuwa rais. Nikaimba weee, eti Washington aliipandisha makusudi kuwapa askari moyo, aya mbili nzima za mikunjo ya kitambaa tu. Siku ya siku nimepiga pasi shati, nasoma kwa mbwembwe. Profesa akaniacha mpaka nikamaliza, akauliza kwa upole: walivuka lini? Nikadakia, usiku wa Krismasi 1776. Na bendera hiyo ilipitishwa lini? Kimya. Juni 1777, akajijibu mwenyewe, akafunika kalamu yake. Aisee niliisikia feni ya projekta. Bendera haijazaliwa, mi nishaiandikia kurasa 12! Na walivuka usiku kwenye dhoruba, pichani kunapambazuka, hilo nalo sikuliona. Kilichoniuma zaidi, pepa yenyewe tamu ilikuwa imelala hapohapo: Leutze kazaliwa Ujerumani, kakulia Marekani, karudi kuchora Düsseldorf, hii kaimaliza 1851, mapinduzi ya 1848 kule, watu walipodai uhuru kwa watawala wao, yameshazimwa, yaani alikuwa anawatia moyo watu wa Ulaya waliokwisha kukata tamaa. Mi nahangaika na 1776 wakati picha inapiga kelele za 1848.

3. Nendeni makumbusho ya Metropolitan pale New York mkaione hiyo ya Leutze. Kwenye laptopu ni stempu, ukutani ina upana wa zaidi ya mita 6.

4. Mchoraji Jacob Lawrence, zile paneli 60 za Wamarekani Weusi wanaohama Kusini kwenda Kaskazini mwa nchi, alizimaliza 1941. Msiandike "ziko MoMA", hao MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, wana paneli za namba shufwa tu, za witiri ziko makumbusho ya Phillips Collection kule jijini Washington. Na nani kawafundisha kukata maelezo ya chini ya kila paneli ili picha ijae kwenye slaidi? Jamaa alianza na hayo maneno, ndo akachora! Mmekata nusu ya hadithi mnaniambia "kropu".

5. Mchoraji Robert Colescott, 1975: boti ileile ya Leutze, ila kamtoa jenerali kamweka George Washington Carver, yule mwanasayansi wa karanga, na waliomzunguka ni vikaragosi vya Weusi vya matangazo ya zamani. Nilivyoionyesha kwenye tutoriali darasa lilicheka kama sekunde tatu, halafu kila mtu akaanza kuangalia pembeni nani mwingine kacheka. Katikati ya kile kimya binti mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha kidole: "Mbona na hapa bendera ipo?"

Nikamwambia asogee akae mbele.